Gari Lililomwangusha Omollo

Hezekiah Mwangangi alilitambua gari kabla hajaambiwa ni gari gani. Lilishushwa kwenye lori asubuhi moja ya Februari mwaka 2024, katika gereji ya Bwana Muigai mtaani Satellite, likiwa limefunikwa turubai. Turubai lilipovutwa, mafundi wenzake waliangua kicheko. Kutu ilikuwa imekula milango, na kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha nyuma. Hezekiah hakucheka. Alizunguka upande wa kushoto, akapangusa vumbi kwa kiganja, na chini yake ikajitokeza namba 31, rangi nyeusi iliyofifia. Akatafuta mahali pa kuegemea.

Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na pande zote za Dagoretti Corner alijulikana kama fundi wa kuchomelea asiyeshindwa na chuma. Alijulikana pia kwa kitu kingine: mara tatu waumini wenzake walimwomba awe mzee wa kanisa, na mara tatu alikataa bila kutoa sababu.

Bwana Muigai alikuwa mfanyabiashara aliyependa magari ya zamani ya mashindano. Hili lilikuwa moja kati ya matatu tu yaliyotengenezwa kwa mbio ndefu za barabara mbovu, na alitaka lirudi vile lilivyokuwa kwenye mashindano ya Pasaka ya mwaka 1983. Alimwajiri msichana mmoja mwerevu, Maurine, aandike historia yake. "Mnunuzi wa ng'ambo akiona gari haina historia, anaona mabati tu," alisema.

Maurine alishinda wiki mbili mjini, kwenye chumba cha magazeti ya zamani cha maktaba. Aliporudi na nakala zake, alisimama kando ya gari akamsomea Hezekiah, ambaye alikuwa akipiga msasa.

"Sikia hii, mzee. Dereva Joel Omollo alikuwa amelewa. Gari likapinduka karibu na Kibwezi, msoma ramani wake, Kitheka, akafa papo hapo. Omollo akanyang'anywa leseni maisha yake yote." Akatabasamu. "Hii story itauza gari."

Hezekiah aliendelea kupiga msasa mahali pale pale mpaka bati likaanza kung'aa.

Mwaka ule alikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi wa timu, kituo chake Mtito Andei. Omollo aliingia akilalamika kwamba usukani unavuta kushoto. Hezekiah alilala chini ya gari, akaona ufa mrefu kama kidole kwenye mkono wa chuma unaoshika gurudumu la mbele. Kipuri kilikuwa kwenye lori lililokwama matopeni huko nyuma. Msimamizi wa timu alitazama saa yake, akasema, "Chomelea." Akachomelea juu ya chuma chenye matope na grisi, kwa dakika nane, akijua haitashika. Omollo alitoa kichwa dirishani. "Kijana, iko sawa?"

"Iko sawa," Hezekiah alijibu. "Enda."

Haikupita saa moja, habari za ajali zikafika. Jioni msimamizi alimwita kando, akamwambia kwamba ripoti itasema dereva alikuwa amelewa, na kwamba akifungua mdomo, atakayefungwa ni yeye aliyechomelea. Hezekiah akanyamaza, na miaka arobaini na mmoja ikapita.

Katika wiki ya tatu ya kazi alifika kwenye gurudumu la mbele. Alifungua nati, akavuta ule mkono wa chuma, ukatoka vipande viwili. Ulikuwa umekatika pale pale alipochomelea. Hangeweza kukosea: yeye hutumia mkono wa kushoto, na mshono wake huanzia upande ambao mafundi wengine humalizia. Alimweleza Maurine yote. Msichana akampelekea Bwana Muigai habari.

"Mzee, na heshima zako," Bwana Muigai alisema, "nani atanunua gari iliyoua mtu juu ya kazi mbaya ya fundi? Dereva mlevi watu watacheka, watalipa. Tupa hiyo chuma, weka mpya."

Hezekiah alifunga vile vipande kwenye gunia, akatembea mpaka Woodley, nyumbani kwa Phoebe, mjane wa Omollo. Hakuhitaji kuuliza njia. Kwa miaka mingi alikuwa ameketi kanisani viti viwili nyuma yake.

"Mama Haron," alisema, akalifungua gunia mezani. "Mimi ndiye nilichomelea gari ya mzee wako." Akasema mengine yote, bila kujitetea.

Phoebe alisikiliza mpaka mwisho. Hakukigusa kile chuma.

"Joel alikuwa mtu wa chai," akasema hatimaye. "Pombe alianza baada ya kuitwa mlevi. Miaka kumi na tatu akikunywa, mpaka wakamtoa kwa mtaro pale Kawangware. Ulijua?"

"Nilijua. Nilikuja matanga."

"Ukakula chakula yangu."

"Nilikula."

Jikoni sufuria ilikuwa ikichemka. Phoebe aliinuka, akazima jiko, akarudi kusimama mlangoni.

"Sasa unataka nini? Nikusamehe?"

"Sijui, mama."

"Jumapili utasimama mbele ya watu, useme vile umeniambia. Yote. Hiyo chuma uache hapa."

Kesho yake Bwana Muigai alipoambiwa chuma kiko wapi, alimfokea, akatishia kuita polisi, mwishowe akamfukuza kazi. Gari lilimaliziwa na fundi mwingine na kusafirishwa Mombasa mwezi wa Juni, namba 31 ikimeta. Maurine alimpigia Hezekiah simu kumwambia kwamba aliandika sentensi moja ya kweli, na bosi akaifuta.

Lakini hayo ya mwisho yalikuja baadaye. Jumapili ile Hezekiah alivaa koti lake la pekee, akasimama mbele. Alisema jina la Joel Omollo, akasema la Kitheka, akasema kwamba dereva hakuwa amelewa na kwamba aliyedanganya ni yeye. Kanisa lilikuwa limejaa vijana. Msichana mmoja wa kwaya alimnong'onezea mwenzake, "Omollo ni nani?" Pasta akashukuru kwa ushuhuda. Nje, watu walimpa mkono na kumwambia abarikiwe, kana kwamba alikuwa amepona ugonjwa.

Phoebe alikuwa langoni, peke yake. Haron, mwanawe, alikuwa amekataa kuja. Kwenye simu alisema hataki kusikia habari za baba yake.

"Umesema vizuri," Phoebe alimwambia Hezekiah. "Hujaficha kitu." Akafunga vifungo vya sweta yake, kimoja kimoja. "Lakini wale walikuwa wanamcheka, wote wamekufa. Hawa wa leo hata hawamjui."

Akashika njia ya kwake. Hezekiah alibaki amesimama pale mpaka mlinzi akamwomba asogee, afunge lango.