Laini ya Babu kwa Kidole Changu

Mie nina kiherehere, nalijua hilo. Mtu akikwama mbele yangu siwezi kunyamaza. Ndiyo maana siku ile pale Chamazi, kwa dada wa kusajili laini za simu, mashine ilipomkataa babu mara ya sita, nilichomoka kwenye foleni nikasema, "Jamani, si msajili kwa kidole changu tu?"

Babu si wa damu. Ni jirani yangu ukuta kwa ukuta, Mmakonde mchonga vinyago, na vidole vyake vimelika kwa patasi na msasa mpaka havina alama. Kitambulisho cha taifa anacho, sura yake imo, ila mashine ikiulizwa inasema mtu huyo simjui. Dada wa laini akasema hairuhusiwi, akaangaza huku na huku, kisha akanigeuzia mashine. Mie nikasomeka mara moja. Babu alinishukuru mpaka nikaona haya. Binti yake wa pekee yuko Newala, na bila laini hiyo asingempata.

Miezi ikapita, nikasahau kabisa. Ndipo ikaingia kwenye simu zetu ile sauti iliyorekodiwa kuhusu watekaji.

Mwanamke analia kwenye simu, anasema kuna gari jeupe linabeba watoto wa shule. Mie mwalimu wa darasa la pili, na mwanangu ana miaka saba. Siku mbili nilimsindikiza mpaka chooni. Babu hasomi vizuri, kwa hiyo yeye ni mtu wa sauti. Akipokea dua anasambaza, akipokea dawa ya presha anasambaza. Na hii akasambaza.

Siku ya tatu, mtaa wa pili, watu wakamvamia fundi friji aliyeegesha gari lake jeupe karibu na shule. Alikuwa amekuja kazini kwake, maskini. Walimpiga mpaka akapoteza jicho. Niliposikia polisi wanawatafuta walioeneza ile sauti, nikapayuka ofisini kwa walimu, "Wawasake wote! Wapekue simu zao moja moja!" Wala sikuwa natania.

Kesho yake nikapigiwa simu. Sauti ya kiume, ya upole, ikanitajia namba na kusema imesajiliwa kwa jina langu, nifike kituoni saa nane mchana. Nilipoitafuta namba ile kwenye simu yangu, ilijitokeza kwa jina nililoliandika mwenyewe: Babu Jirani.

Mungu wangu! Nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikamwambia naumwa, na kweli nilikuwa naumwa.

Kwenye bajaji nikaanza kufuta. Nilianza na ile sauti yenyewe, maana na mie niliituma kwenye kundi la wazazi, unaniona nilivyo? Nikafuta utani wetu walimu kuhusu wakubwa. Nikafuta meseji nilizomwandikia dada yangu kuhusu uvimbe kwenye titi langu, jambo ambalo hata mume wangu nilikuwa sijamwambia. Meseji hizo hazikuwa na kosa lolote. Nilizifuta kwa sababu nilimwona akilini afande akizisoma kwa sauti mbele ya wenzake. Nikawaza kazi yangu ya serikali, nikawaza barua ya kusimamishwa. Lakini nikaapa: nitasema laini naitumia mwenyewe, yaishe. Mzee wa miaka sabini na mbili akalale mahabusu? Thubutu!

Kituoni afande alinipa kiti, akasema pole na kazi, mwalimu. Simu yangu hakuigusa. Akaniuliza swali moja tu, "Hii laini anaitumia nani?"

"Babu mmoja, jirani yangu," nikasema.

Hakunikaripia wala hakurudia swali. Tena nikaongeza mwenyewe, "Mie sijui anaifanyia nini." Nikamwelekeza mpaka nyumba, geti la kijani, ukishapita mashine ya kusaga. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Walimfuata saa kumi. Alirudi kesho yake adhuhuri, kwa miguu. Walikuwa wamemwonya, laini imefungwa, na simu yake imebaki kwa uchunguzi. Nikamkimbilia, "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwalimu. Usiwe na wasiwasi, wewe hawatakuita tena. Nimewaambia nilikulaghai. Nilikudanganya kwamba serikali ya mtaa imeruhusu, nawe ukaniamini."

Hakuniuliza walimjuaje. Nikaangua kilio palepale getini.

"Wa kulia ni yule fundi," akasema. "Mimi niliituma kwa nia njema, na jicho lake halipo." Akaingia ndani kuoga.

Kumsajilia laini nyingine sikuthubutu, na yeye hakuniomba. Nilichofanya ni kumpa binti yake namba yangu, awe anapiga Jumapili. Jumapili ya kwanza alipiga, nikampelekea babu simu uani, nikabaki nimesimama. Akaifunika simu kwa kiganja.

"Mwalimu, sogea pembeni kidogo, nizungumze na mwanangu."

Nikasogea hatua tatu, nikajifanya napanga ndoo. Laini ni ya kwangu, jina ni langu, na lolote litakalosemwa pale nimelisema mie. Babu akacheka kidogo, akaanza kuongea Kimakonde, haraka haraka, kwa sauti ya chini. Sikuelewa hata neno moja.

"Babu," nikamwita, "Kiswahili, tafadhali."

Babu akamwambia binti yake kwa Kiswahili kwamba yeye hajambo, mvua imenyesha, awasalimie wote, na akanirudishia simu yangu.