Dakika Ishirini za Kumshika Mama Mkwe

Kyule, mwashi wa Matiliku, hakuwahi kumgusa mama mkwe wake. Kwetu Ukambani hiyo ndiyo nthoni, heshima ya wakwe: hawapeani mikono, hawatazamani usoni, wala hawakai wawili peke yao chumbani. Aliishika miaka kumi na sita, na kwa hilo simlaumu.

Septemba iliyopita mama huyo, Ndinda, alikuja kuona mjukuu mchanga, vidonge vyake vya presha akavisahau kwake Kalamba. Siku ya pili, adhuhuri, bintiye, mke wa Kyule, akiwa kliniki na mtoto, Kyule alisikia kikombe kikianguka sebuleni. Alipochungulia, mama alikuwa ameinua uso juu, damu ya pua ikilowesha leso.

Kyule akabaki mlangoni. La kufanya alilijua, maana wahudumu wa afya waliwafundisha kanisani: mtu akae wima, ainamie mbele, abane sehemu laini ya pua, apumue kwa mdomo, asiachie kabla ya dakika kumi. Akamwelekeza kutoka pale pale, akitazama ukuta. Lakini vidole vya mama vina baridi yabisi. Alibana, vikateleza, akabana tena, kisha akainua kichwa na damu ikamshuka kooni. Kyule akampigia mkewe simu, haikushikwa. Akakimbilia kwa jirani. Mlango una kufuli. Nusu saa ikapita hivyo. Aliporudi, mama alikuwa ametapika damu nyeusi sakafuni, midomo imepauka.

"Baba Mbaluka," akasema, akimwita kwa jina la mwanawe, "unangoja nizikwe ndipo uingie?"

Akaingia. Akamwinamisha, akaibana pua kwa vidole viwili, simu mezani ikihesabu dakika. Mama, macho ameyafumba, akalalamika kwamba mkono unanuka simiti. Kyule alitamani kuachia kidogo aone kama imekatika, hakuachia. Kumi zilipoisha, damu ilikuwa bado inatoka. Akabana kumi nyingine, na hapo ikakatika. Akatafuta gari, akampeleka hospitali.

Wazee wa ukoo walitaka mbuzi wa kuondoa aibu ya kumgusa mkwe, naye akamtoa bila ubishi. Kuhusu kusimama mlangoni hawakumuuliza kitu. Mimi ningeanzia hapo. Heshima inayomtazama mzazi akivuja damu ni woga tu.

Nusu saa ile ilimgharimu Ndinda siku tano za kulazwa na chupa moja ya damu ya mtu asiyemjua.