Kurasa Sita za Ursula

Ursula wa kijiji cha Michenga si mtu wa kubabaika. Lakini Jumapili ile mchana, akiwa amebanwa katikati ya majirani zake kwenye ukumbi mmoja Ifakara mjini, wakisubiri filamu ianze, jasho lilimtiririka huku feni ikizunguka juu yake. Na alijitakia mwenyewe, tusimwonee huruma mapema.

Kisa ni kitabu. Kaka yake Lukelo, kibarua wa mashamba ya miwa, alimletea riwaya ya upelelezi: tajiri wa mbao kauawa, mjane wake ni mzuri kupita kiasi, na mpelelezi ni mlevi ambaye mikono yake nayo si safi. Msimu ule wa kuamia ndege, jua kali lilipowatuliza ndege, Ursula alikaa dunguni kwake, kwenye jukwaa la kulindia mpunga, akasoma kwa sauti, na wenye mashamba ya jirani wakaja kukaa chini ya ngazi. Walinogewa, acha tu! Siku moja mzee Osward alisahau kurudi shambani, kweleakwelea wakamlia mpunga upande mzima, naye alichouliza jioni ni kama mjane amekamatwa.

Siku ya kumalizia, Ursula anafunua, anakuta kurasa sita za mwisho hazipo. Zimechanwa. Na chini pale watu kumi na mmoja wanamtazama mdomoni. Mwingine angesema, jamani, kitabu kimeishia hapa. Ursula? Wapi! Alikaza macho kwenye jalada la nyuma akaendelea kusoma bila kukwama: muuaji ni mdogo wa marehemu, mpelelezi anaacha pombe, mjane anarudi kwao kulima na anavuna magunia arobaini. Wakapiga makofi. Wakaomba mwisho ule urudiwe, akaurudia vilevile misimu miwili.

Lingekuwa jambo dogo, ila Ursula ndiye msomaji wa somo la kwanza kigangoni, kanisa dogo la kijiji. Watu walimsifu kwamba haongezi neno wala hapunguzi, na sifa hiyo aliipenda kuliko chakula. Sasa riwaya imegeuzwa filamu, inaonyeshwa Ifakara, na wasikilizaji wake wote wamekuja. Wakigundua kwamba aliwadanganya dunguni, nani atamwamini akisimama mbele ya altare na kusema Neno la Bwana?

Filamu ikaanza. Giza, mvua, taa za mji zinamulika madimbwi, watu wanavuta sigara na hakuna hata mmoja anayesema kweli. Hatimaye ikajulikana kwamba muuaji ni mjane. Mpelelezi akachoma ushahidi kwa kumpenda, naye mjane akampiga risasi, akapanda gari, akaondoka. Basi. Taa za ukumbi zikawashwa.

Ursula aliangalia vidole vyake vya miguu. Mzee Osward akainuka, akavaa kofia, akasema watu wa filamu wamekiharibu kitabu, wangemuuliza Ursula kwanza. Wenzake wakaitikia, wakatoka wamenuna.

Ursula alipaswa kufurahi, lakini aibu ndiyo kwanza ilimkaba. Aliyebaki naye ni Nyamizi, Msukuma ambaye shamba lake linapakana na lake, na ambaye hupikia chai chini ya dungu lile lile.

"Nyamizi, ule mwisho niliutunga," alisema. "Kurasa hazikuwemo."

"Najua, dada. Nilizichana nikawashia moto mimi, siku ile kuni zilipolowa. Sikujua kama ni za muhimu. Ulipofika pale nikasema leo nimekwisha, atanitaja mbele za watu." Nyamizi alimshika mkono. "Ukaendelea kusoma."

Ursula alitaka kukasirika, akashindwa. Walicheka mpaka mwenye ukumbi akawaomba watoke afunge mlango.

Kesho yake alikwenda kwa mzee Osward akaungama kila kitu. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia asijishushe kwa ajili ya filamu. Alijaribu kwa wengine watatu, majibu yakawa hayo hayo, akachoka.

Jumapili iliyofuata Nyamizi alikuja kigangoni akakaa benchi la mbele. Ursula alifungua kitabu cha masomo, na kabla hajasema neno alifunua ukurasa wa pili kuhakikisha upo. Upo. Akamtazama Nyamizi, akauma mdomo asicheke, akasoma.