Anaupukutisha mti ili uzae

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba nitaitoa wapi, na mti wangu umeuua?”

Saa saba mchana, Mkolani jijini Mwanza, uani kwa Mzee Venant hapatoshi. Hata aliyekuja kuomba chumvi ameisahau. Venant, fundi mstaafu wa mabasi ya stendi ya Nyegezi, ameshika panga. Mbele yake mtufaa wake umesimama bila jani hata moja, na matawini yananing’inia mawe yaliyofungwa kwa kamba.

“Wiki mbili tu nipo Magu navuna mpunga, narudi nakuta mganga kapiga kambi kwangu!”

“Si uganga, baba. Mawe ya pale barabarani tu,” anajibu Dorotea Chenge (44), muuza miche. “Yanalaza matawi ili vichipukizi vya pembeni navyo viamke. Majani nimeyachuma kwa mkono, moja moja, kutwa nzima.”

“Kwa ruhusa ya nani?”

Dorotea anatupia jicho mlango wa jiko. Jikoni, Modesta, mke wa Venant, anakoroga mchuzi wa samaki usiohitaji kukorogwa.

Panga lile si mchezo kwa Dorotea. Chumba alichopanga hakina uwanja, ndiyo maana miaka minne iliyopita aliwapa majirani hawa mtufaa waupande kwao. Hapa ndipo anapokata vikonyo, vile vijitawi vya kuunganishia miche yake yote. Mche ni Sh6,000, mwezi mzuri huuza thelathini, na hiyo ndiyo inayomlisha yeye na mabinti zake wawili. Mti huu ukianguka, hana pa kuanzia.

Ufundi aliuokota Njombe, alikofanya kibarua shambani miaka sita.

“Kule baridi ikija, mti unapukutisha majani wenyewe. Macho, yaani vile vichipukizi, yanajifunga na kulala. Yakishiba baridi, joto likarudi, yanaamka na maua,” anaeleza. “Huku Mwanza baridi hiyo tutaitoa wapi? Mti unakaa na majani yake, haujui kama mwaka umekwisha. Macho yanalala moja kwa moja.”

Aliyemfundisha namna ya kuyaamsha ni mbuzi. Mwaka jana mbuzi wa jirani yao, Khalidi, aliingia uani humu akafyeka majani yote aliyoyafikia. Wiki tano baadaye matawi yale yale yakachanua, mara ya kwanza, yakazaa matufaa kumi na moja. Venant akautangazia mtaa mzima kuwa ni samadi yake.

“Kwa hiyo mtaalamu ni mbuzi wa Khalidi?” anafoka sasa.

“Alianza yeye, baba. Mimi nimemalizia.”

“Nilisema yule mnyama kasoma!” Khalidi anadakia, na ua mzima unaangua kicheko. Venant hacheki. Anauendea mti.

“Baba Paulo!” Modesta anamwita mumewe, ametokeza na mwiko mkononi. “Niliyemruhusu ni mimi. Ukitaka ugomvi, mimi hapa. Ila kabla hujakata, vaa miwani.”

Miwani inaletwa. Dorotea anakwaruza gome kwa ukucha. Chini yake ni kijani kibichi. Analivuta tawi hadi puani kwa mzee. Jicho la tawi lililokuwa kavu kama punje ya mtama limevimba, limepasuka, na katikati imechungulia ncha ya rangi ya waridi, ndogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti.

Venant anatazama. Anashika tawi la pili, la tatu. Panga ameliegemeza ukutani, hata hajui saa ngapi.

“Macho kumi na tisa,” anasema hatimaye. “Upande huu peke yake.”

Dorotea anapumua. Anachotaka ni kila nyumba ya mtaa huu iwe na mtufaa mmoja.

“Baridi haituamulii,” anasema. “Huu tutaupukutisha Machi, ule Juni, wa Khalidi Septemba. Mtoto wa Mkolani asikose tunda mwezi wowote.”

“Yangu iwe miwili,” Khalidi anasema. “Mbuzi ninaye.”

Venant bado anahesabu, mgongo kwa watu.

“Modesta,” anaita bila kugeuka, “mbona mnamwacha mgeni amesimama juani? Mpe maji anawe, aingie ndani. Kichwa cha sato ninachowekewa mimi, leo ni chake.”