Kopo la Mwisho Ukutani

Bodi ya jipsamu ikilowa hunuka chaki na mbao mbichi. Harufu hiyo niliijua nikiwa mtoto, masika aliyokuja bibi kukaa kwetu Ujiji. Bibi, mama yake mama, alikuwa ameteguka nyonga kule kwake Mwamgongo, na mama hakutaka kabisa arudi kuishi peke yake. Shida ilikuwa bafu. La kwetu lilikuwa uani, na ua wetu ukinyeshewa uliteleza hata kwa sisi wenye miguu mizima. Bibi naye alisema wazi: siku atakayoshindwa kwenda kuoga mwenyewe, atapanda boti arudi kwao.

Baba, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Kigoma kutoka Singida, akaamua kukata bafu ndani, mwishoni mwa korido. Fundi alisimamisha fremu ya mbao, akagongelea bodi za jipsamu zilizobaki tulipopiga dari, juu yake akabandika marumaru nyeupe. Likapendeza kwelikweli. Majirani walikuja kulitazama, na baba akawa anawagongea marumaru kwa kidole huku akiwaambia hazipitishi maji. Ni kweli hazipitishi. Kilichokuwa nyuma yake hakuna aliyekiulizia.

Sasa, bibi na baba walikuwa wakwe, na bibi aliushika ukwe kama ulivyo kwao. Hakula naye meza moja wala hakumsemesha uso kwa uso. Maneno yao yote yalipitia kwangu. Na kwa kuwa bafu walilitumia wote wawili, bibi kila akimaliza kuoga alijaza kopo na kumwagia kuta zote, mkwe asije akakuta povu lake. Maji yakawa yanapenya kwenye viungo, bodi ikinywa taratibu. Kwanza ikaja ile harufu. Kisha ukuta ukavimba, na asubuhi moja, bibi akiwa ndani, marumaru zikaporomoka.

Hakuumia, ila aliona aibu ya kumtosha mtu. Alijifungia chumbani, akaniambia nyuma ya mlango, "Mwambie mama yako aniulizie boti. Nimembomolea mkwe nyumba." Mama alikaa jikoni akalia. Mimi nilishikwa na hofu, maana nilishazoea kulala na bibi.

Baba alisimama koridoni, akasema nami kwa sauti ya kusikika hadi chumbani. "Mwambie bibi yako maji yake hayana kosa. Tumeweka bodi ya dari mahali pa maji. Kosa ni langu na fundi."

"Mwambie asinisitiri," akajibu bibi, kabla sijafungua mdomo.

Baba aliagiza bodi za saruji, ambazo enzi hizo Kigoma zilikuwa za kutafutwa. Fundi alitumbukiza kipande kwenye ndoo, na kesho yake kilikuwa kigumu vilevile. Ukuta ukajengwa upya, viungo vya bodi vikazibwa na kupakwa dawa ya kuzuia maji, ndipo marumaru zikarudi. Siku bafu lilipokauka, baba aliingia na ndoo, akaanza kumwagia ukuta kopo baada ya kopo, kwa kishindo, mlango ukiwa wazi.

"Nani huyo anaoga kwa fujo hivyo?" bibi akaniuliza.

"Baba. Na amevaa nguo zake za kazini."

Bibi alicheka mpaka akashika nyonga. Halafu akasema, "Mwambie mama yako aache kuulizia boti."

Alikaa nasi hadi alipofariki. Siku hizi naishi Katubuka, na bodi za saruji zinauzwa madukani. Nilipojenga bafu langu fundi alizileta bila kuambiwa. Nyumba zimekuwa imara, ila sijui wangapi bado wanaoga wakimfikiria atakayeingia baada yao. Baba amezeeka, anakaa na mimi na mume wangu. Kila akimaliza kuoga, nasikia maji yakipiga ukutani, upande huu, kisha upande ule. Juzi mume wangu aliniuliza mzee anafanya nini humo ndani.

"Anakuheshimu," nikamwambia.