Siku Niliyodhani Nimeachwa

Mwanangu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka hata leo, viganja vyangu hutoa jasho. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, nina mke, Nafula, na binti mmoja, Nasimiyu, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Tulikaa karibu na Chekalini, katika kipande cha ardhi alichopata baba yangu wakati mashamba ya Wazungu yalipogawanywa. Ilikuwa miaka ile ya tisini, karne ikielekea ukingoni, na watu walikuwa na hofu hata ya kalenda.

Basi akatujia mhubiri mgeni. Alitundika ukutani kanisani kitambaa kirefu kilichochorwa wanyama wenye pembe nyingi, na chini yao miaka imepangwa kama vipimo vya fundi. Akatuambia mwaka ule hautaisha kabla Bwana hajarudi. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa vijana wa kanisa, nami nikameza kila neno. Sikulala vizuri tena. Ngurumo ikipiga, nilitoka nje kuangalia mawingu. Nikiwa nalima, niliacha jembe katikati ya mstari nikahesabu dhambi zangu. Na vijana wangu niliwafundisha nilichokuwa nacho, yaani woga. Msichana mmoja aliacha shule akiwa amebakiza muhula mmoja tu wa kidato cha nne, kwa kuwa mimi nilimwambia mtihani ule hautafanywa. Hilo nalibeba mpaka leo.

Mhubiri akatangaza siku tatu za kufunga na kuomba, kwenye kilima nyuma ya shule ya msingi. Asubuhi ya siku ya tatu, Nafula alinishika mkono mlangoni.

“Baba Nasimiyu, mtoto ana joto. Amekuwa akilianga tangu jana. Twende naye zahanati.”

“Bwana akija leo,” nikamjibu, “zahanati itatusaidia nini?”

Aliuachia mkono wangu, nami nikapanda kilimani.

Saa saba mchana mvua ilianza kujikusanya, nikateremka kuchukua koti. Nilipofika nyumbani, mlango ulikuwa wazi. Moto ulikuwa ukiwaka jikoni, uji umefurika na kumwagikia majivuni. Kiatu kimoja cha Nafula kilikuwa uani, peke yake. Niliita, pakawa kimya. Nikaenda kwa jirani upande wa juu, hakuna mtu. Upande wa chini, hakuna mtu, ila ng'ombe wao ameingia kwenye mahindi na hakuna wa kumfukuza.

Mwanangu, nilisimama pale njiani. Nilijua, au nilidhani najua, kilichotokea. Bwana amekuja, amemchukua mke wangu na mtoto wangu na majirani zangu, na mimi mwalimu wa vijana ameniacha. Sikulia. Kuna woga unaokausha hata machozi.

Wazo moja tu lilinijia: niende kwa Kukhu Rasoa. Kukhu ni bibi kwa lugha ya kwetu, na huyu alikuwa bibi mjane ambaye kijiji kizima kilijua utakatifu wake. Kama naye hayuko, basi yamekwisha. Nilikimbia mpaka kwake, nikamkuta ameinama anapalilia maharagwe. Nilipomwona nikakaa chini matopeni.

“Unakimbia nini?” akaniuliza.

“Nilikuja kuona kama uko.”

“Niko. Ningekuwa wapi?”

Nikamweleza yote, nikihema. Alisikiliza, akafuta jembe lake kwa nyasi, kisha akasema polepole, “Nafula amepita hapa akikimbia, mtoto mgongoni ametetemeka mpaka macho yamegeuka juu. Majirani wamemsindikiza zahanati. Mimi magoti yangu hayakimbii tena, kwa hivyo nimebaki nikiwaombea huku nikipalilia.” Akanitazama. “Umeogopa kwamba Bwana amekuacha. Aliyeachwa leo ni mkeo, na aliyemwacha ni wewe. Ondoka, umfuate.”

Nilifika zahanati nimelowa. Mtoto alikuwa amechomwa sindano, amelala, anapumua. Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Mungu alimponya, lakini sikio lake la kushoto halikusikia tena. Nafula alisogea kwenye benchi kunipa nafasi, na kusogea kule kulinichoma kuliko maneno.

Mwaka ukaisha kama miaka mingine. Mhubiri alikuwa ameshakunja kitambaa chake akaenda. Vijana wangu wengi waliacha kanisa kwa aibu, nami nikaapa kwamba habari za mwisho wa dunia sitazifundisha tena maisha yangu yote. Nikamwambia Kukhu Rasoa hivyo, nikidhani atanisifu.

Alikasirika kuliko siku ile ya maharagwe. “Nimezika mume,” akasema, “nimezika watoto watatu, makaburi yao yako pale nyuma ya jiko. Kila asubuhi nikifungua mlango nayaona. Unadhani ninaamkia nini? Ninaamka kwa sababu iko siku Bwana atakuja na ardhi ile itafunguka. Ukiwanyima vijana siku hiyo, utakuwa umewapa nini? Mhubiri yule mpotoshaji ameshika njia vibaya, na wewe unataka kuing'oa njia yenyewe.”

Mwanangu, maneno makali nilizoea kuwapa wengine. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Lakini mchungu ule ulikuwa dawa.

Ndiyo maana nakuambia wewe, unayesikia kila mwezi mtu mpya akitaja tarehe mpya kwenye simu yako. Anayekutajia siku, mwache apite. Bwana mwenyewe alisema siku ile haijulikani kwa mtu. Lakini usiitupe ahadi kwa sababu ya waongo. Anayejua kwamba Bwana anarudi hamwachi mgonjwa nyumbani, kwa kuwa atakuja kuulizwa habari za mgonjwa huyo. Haachi shule, haachi shamba, haweki kinyongo hadi kesho. Kumfuata Kristo ni kuishi leo kama mtu atakayeonana naye uso kwa uso. Ukiona mafundisho ya mwisho yanakufanya uwakimbie watu wako, jua umefundishwa vibaya, kama nilivyofundishwa mimi na kama nilivyofundisha.

Sikwambii kwamba woga wangu umekwisha wote. Bado mapigo ya moyo hubadilika ngurumo ikipiga. Ila siku hizi nikiogopa, nauliza kwanza ni nani karibu yangu ananihitaji, kisha naenda kwake.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe moyo unaomngoja bila kutetemeka, na mikono isiyokaa bure katika kungoja. Na Bwana atakapokuja, iwe katika siku zako au za wajukuu zako, akukute mahali alipokutuma.