Mama Rahisi

Mkoa wa Manyara ulipoanza, ulifika Babati na mapazia. Kabla ya hapo ofisi zetu zilikuwa za wilaya tu, na madirisha yake hayakuhitaji pazia, maana hakukuwa na cha kuficha. Mimi nilikuwa mpishi wa chai. Jiko langu lilikuwa kibanda cha bati nyuma ya ofisi, na kila penye kikao nilitoa chai ya maziwa, maandazi na viazi vitamu vya kuchemsha. Watu walikula, wakajifuta mikono kwenye suruali, wakarudi kujadili mbolea. Malalamiko pekee niliyowahi kuyasikia ni kwamba maandazi yameisha.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wakaja, tena wengi, kutoka Arusha, Moshi na Dar es Salaam, nami nikakaa kusubiri kupona. Aliyekuja kuniponya alikuwa mke wa mmoja wa wakubwa wapya, mwembamba wa mwili na mnene wa sauti, ndiye aliyeleta yale mapazia. Aliingia kibandani ameshika gauni lisiguse masizi, akafunua beseni la maandazi, akalifunika tena taratibu kama aliyeonyeshwa maiti asiyemfahamu.

"Mwanangu, haya ni ya msibani," alisema. "Mkoa ni mkoa. Mwezi ujao tuna wageni wa Dar. Wapewe soseji roli, soseji za kuviringishwa ndani ya unga wa siagi."

"Mimi sizijui, mama."

"Ni rahisi sana, nitakufundisha. Ukishindwa si neno, kuna dada wa Arusha atakuwa anatuletea kwa basi."

Nilimwelewa vizuri sana. Akianza kuleta vitafunwa, huyo dada ataleta na chai, na mimi nitarudi nyumbani kukaa. Nyumbani nilikuwa mke wa mtu, kanisani nilikuwa sauti ya mwisho kwenye safu ya nyuma ya kwaya. Lakini pale kibandani hata mkuu wa idara alisimama mlangoni akaomba. Nilikipenda kile kibanda, na niliogopa kukipoteza kuliko nilivyomwogopa mume wangu.

Mafunzo yalifanyika Jumamosi katika ukumbi wa kanisa. Tulikuwa wanawake kama ishirini, maana ubaoni nje paliandikwa "Soseji roli rahisi za nyumbani", na sisi kwa neno rahisi tulielewa bei. Wawili kutoka kijiji cha Singe walikuwa wameacha mbaazi shambani kwa ajili ya neno hilo. Mlinzi wa ukumbi, ambaye hakuona haja ya kutenganisha roli na lori, aliuliza hilo gari la soseji litaegeshwa wapi.

Mama yule akaanza kutaja mahitaji. Siagi halisi, si ya kopo. Soseji kutoka Arusha. Mayai ya kupaka juu, yaani yai zima linapakwa kama mafuta ya ngozi. Oveni. Wale wa Singe wakatazamana, wakawa wameshajua ni rahisi ipi inayozungumzwa.

"Halafu," akasema, "unaupumzisha unga kwenye friji nusu saa. Rahisi."

Mmoja wao, mama wa makamo mwenye asili ya Mbulu, akanyoosha mkono kwa adabu zote. "Samahani, mama. Huo unga umechoka na nini?"

Tulicheka mpaka katekista akachungulia dirishani. Mwalimu wetu hakucheka. Aliendelea na somo, kila hatua akiifunga kwa neno lake lile lile, na tulipofika mlangoni alikuwa ameshapata jina. Tulimwita Mama Rahisi.

Nikaanza kujaribu. Soseji za kutoka Arusha zilifika zimekaa kwenye buti la basi siku nzima, na zilijitangaza kabla sijafungua mfuko. Nikazitupa, nikanunua nyama ya ng'ombe, nikaisaga na vitunguu, kitunguu saumu na pilipili manga. Friji sikuwa nayo, kwa hiyo unga ukapumzika ndani ya sufuria iliyozikwa nusu kwenye mchanga mbichi chini ya mtungi wa maji. Oveni yangu ilikuwa sufuria kubwa yenye mchanga ndani, moto chini, na makaa juu ya mfuniko. Mara ya kwanza ziliungua juu zikabaki mbichi katikati. Mara ya pili siagi ilichuruzika yote zikabaki kama soli. Mume wangu alizila, na nilipomwuliza maoni yake akasema, "Andazi hili lina nyama." Mara ya tano zikatoka. Zilikuwa na matabaka, zinavunjika mdomoni, nami nikakaa chini nikalia kwa furaha kama mtoto.

Siku ya wageni, mpango ulikuwa Mama Rahisi alete zake kwanza, zangu zifuate kama zitafaa. Umeme ukakatika tangu asubuhi. Saa tatu alitokea kibandani na sahani zake mbili za kioo, tupu, na safari hii gauni hakulishika.

"Mwanangu, zimetoka?"

Alionja moja akiwa amesimama. Kisha akapanga zote kwenye sahani zake, akaondoka nazo bila kuniangalia usoni.

Nilipoingia na birika, mgeni mkubwa alikuwa kwenye ya tatu, amemgeukia Mama Rahisi. "Mama, hizi umetengeneza mwenyewe?"

"Ah, ni rahisi tu, mheshimiwa," akajibu Mama Rahisi.

Damu ilinipanda. Mgeni akaendelea kutafuna, kisha akauliza, "Sasa umeokaje na umeme hakuna?" Mama Rahisi akatazama mapazia.

"Zimepikwa kibandani kwangu, mheshimiwa," nikasema. "Kwa mkaa."

Mgeni akanigeukia, wote wakanigeukia. "Hongera sana, mama. Itakuwa kazi ngumu sana hii."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema kweli. Vidole viwili vilikuwa na malengelenge. Nilikuwa sijakaa tangu alfajiri, mgongo unaniuma mpaka kisogoni. Lakini Mama Rahisi alikuwa ananitazama, na mimi nilitaka kumshinda kwa silaha yake mwenyewe.

"Ni rahisi tu, mheshimiwa," nikasema.

"Basi ziwepo kila kikao!" Watu wakapiga makofi. Bosi wangu akaandika kwenye daftari lake.

Mdomo huponza kichwa. Wiki iliyofuata nilikwenda kuomba msaidizi na oveni ndogo. Bosi akafungua daftari lile lile. "Si ulisema mwenyewe ni rahisi?" Nikarudi kibandani. Kibanda kilikuwa changu kweli kweli sasa, hakuna dada wa Arusha aliyekitaka tena. Na mikoa mipya inapenda vikao kuliko mvua. Kila asubuhi niliuzika unga wangu kwenye mchanga, nikageukia nyama, kuni za chai, vikombe, mkaa. Miaka yote ile, kwenye kibanda kile, aliyepumzika ni unga.

Mama Rahisi hakukaa sana. Mumewe alihamishwa mkoa mwingine, nasikia na huko alifundisha. Alichukua mapazia yake na sahani zake za kioo. Jina aliliacha, watu wakanipa mimi.

Juzi binti wa jirani yangu wa Bonga, anayetaka kuanza biashara ya vitafunwa, alikuja nyumbani na kalamu na daftari.

"Shikamoo, Mama Rahisi."

"Marahaba."

"Nimekuja unifundishe soseji roli. Wanasema ni rahisi."

"Ni ngumu," nikamwambia. "Andika hilo kwanza. Na mtu yeyote akikuuliza, hata awe mheshimiwa, msomee ulichoandika."